Santuri tatu za WITCH zimefika Mbeya, moja imepinda

Nianze na kasoro, tumalizane nayo. Niliagiza santuri tatu za WITCH, bendi ya rock ya Zambia, zikafika tatu, moja imepinda kama bati bovu. Ukiiweka kwenye mashine, sindano inapanda na kushuka kama mtumbwi kwenye mawimbi, na nyimbo za mwanzo za kila upande hazipigiki. Muuzaji alikuwa amezifunga vizuri, kadibodi juu na chini, kwa hiyo nahisi kifurushi kililala mahali pa joto Dar es Salaam mwezi wa pili, wakati hata sisi binadamu tunayeyuka. Nikamtumia picha, akanirudishia nusu ya bei bila ubishi. Nimejifunza kuagiza kati ya Juni na Agosti.

Kwa nini nihangaike na santuri wakati nyimbo zote zipo kwenye simu? Ni mambo ya mjomba. Alifanya kazi TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, miaka mingi, safari zake zikiishia Kapiri Mposhi kule Zambia, na nyumbani kwake kulikuwa na kaseti moja isiyo na jalada, imeandikwa kwa kalamu ya wino neno moja tu: Zambia. Nilipokuwa mdogo niliamini kabisa wale ni Wazungu. Wanaimba Kiingereza, gitaa linanguruma kama lori linapanda mlima Kitonga, nani angefikiria ni jirani zetu? Nimekuja kujua ukubwani kwamba upande mmoja wa kaseti ile ulikuwa WITCH.

Kwa wasiowajua: WITCH ni kifupi cha We Intend To Cause Havoc, yaani tumekusudia kuleta vurugu. Ni vijana wa Zambia wa miaka ya 1970, wakati shaba ilikuwa bado ina bei na miji ya migodi kama Kitwe na Chingola ilikuwa na pesa ya kuchezea dansi. Mwimbaji wao ni Emanyeo Chanda, maarufu kama Jagari. Jina hilo limetokana na Mick Jagger wa Rolling Stones, ila limepita kwenye kinywa cha Kibantu likapewa irabu mwishoni, kama sisi tulivyofanya na benki na filamu. Muziki wao na wa bendi wenzao kina Amanaz na Ngozi Family ndio unaoitwa Zamrock, yaani rock ya Zambia.

Kitu kinachonichekesha kila nikikifikiria ni hiki. Novemba 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam, eti unaharibu vijana. Ng'ambo ya Tunduma, Rais Kaunda naye akataka redio ipige muziki wa Wazambia kwa asilimia 95. Wote wawili walikuwa wanalinda utamaduni! Lakini kule vijana walielewa agizo kwa namna yao: sisi si ni Wazambia? Basi rock tunayopiga ni ya Kizambia. Hata Sunburst, bendi yetu ya Dar, santuri yao Ave Africa ya 1976 ilitengenezwa Zambia.

Haya, santuri zenyewe. Iliyopinda ni Introduction, ya kwanza yao, ambayo bendi iliitoa yenyewe na kuiuza kwenye maonyesho. Balaa ni kwamba wimbo wenye jina la santuri ndio wa kwanza, kwa hiyo kwangu utambulisho wenyewe ndio unaorukaruka. Usitegemee usafi hapa hata nakala yako ikiwa nzima. Sauti ni kama imenaswa ukiwa chumba cha pili na mlango umeegeshwa. Mimi naipenda hivyohivyo, lakini mke wangu aliuliza kama spika zimeungua.

In the Past, ya 1974, sina mengi ya kusema. Nzuri, imechangamka, kinanda kinasikika vizuri, inafaa kuwekea wageni.

Ila Lazy Bones!!, ya 1975, ndiyo inayostahili pesa yako. Hapa bendi imekomaa na imenuna. Kuanzia wimbo wa kwanza gitaa la Chris Mbewe linakwaruza na kulia kwa wakati mmoja, lakini chini yake besi na drams hazina haraka, zinatembea tu, na ukisikiliza kwa makini kuna ngoma ndani yake ambayo hukuti kwa rock ya Uingereza ya miaka ile. Kwenye kaseti ya mjomba besi ilikuwa inasikika kama mtu anagonga ukuta wa jirani. Kwenye santuri hii nasikia vidole vikihama kwenye nyuzi. Kati ya nyimbo kuna mkwaruzo mdogo wa zamani, haunisumbui.

Walioanza kuwarudisha kwa ukamilifu ni Now-Again Records wa Los Angeles, waliotoa boksi zima la kazi zao mwaka 2012. Boksi lile sikuwahi kulimudu, ndiyo maana nanunua moja moja. Kwa bahati mbaya kazi hiyo ilifika wakati wenzake Jagari wa kikosi cha awali wameshafariki, UKIMWI ukiwa umewapitia vibaya wanamuziki wa kizazi kile. Yeye amebaki, amerudi jukwaani na vijana wa Ulaya, na mwaka 2023 jina la WITCH likatoka tena kwenye santuri mpya, Zango.

Bei: na usafirishaji pamoja na ushuru, kila moja imenifikia kwa zaidi ya laki moja. Si mchezo. Kama huna mashine ya santuri, usianzie hapa, sikiliza kwanza kwenye simu uone kama moyo wako umo.

Jumapili nilimwita mjomba. Ana miaka sabini na kitu, sikio la kushoto halisikii tena, akakaa amelielekeza la kulia kwenye spika. Nikaweka Lazy Bones!! bila kumwambia ni nini. Wimbo wa kwanza ukapita, wa pili ukapita, hasemi kitu. Kwenye wa tatu nikaona kisigino chake kinagonga sakafu.

"Hawa nilikuwa nawasikia Kitwe," akasema. "Amri ya kutotoka usiku ilipoanza, dansi likawa la mchana. Unatoka kucheza jua linakuwakia usoni, unaona aibu."

Upande wa kwanza ukaisha. Nikadhani amesinzia.

"Mpwa, geuza."

Nikageuza. Ulipoisha na huo akaomba aone jalada, akalisogeza mbali na macho, akauliza kama wana nyingine. Nikamwambia ipo ya 1976, Lukombo Vibes. Akaingiza mkono mfukoni kutafuta hela. Nikamwambia tusubiri Juni.