Kikopo cha Mkojo chenye Utepe wa Joto: Tathmini Baada ya Miezi Sita ya Matumizi

Kwa miezi sita sasa, katika maabara ya zahanati ninayofanyia kazi jijini Mwanza, tumekuwa tukitumia vikopo vya plastiki angavu vyenye kifuniko cha kusokota, mistari ya ujazo na utepe wa kupima joto uliobandikwa ubavuni, badala ya vile vyeupe vya kifuniko cha kubonyeza tulivyovizoea. Wanaovitumia zaidi ni madereva wa malori wanaoletwa na waajiri kupimwa dawa za kulevya, pamoja na wagonjwa wa njia ya mkojo na kichocho.

Sifa yake kubwa ni huo utepe. Kanuni za usafirishaji za Marekani, ambazo mmoja wa waajiri hao ameamua kuzifuata, zinataka joto la mkojo lisomwe ndani ya dakika 4 na liwe kati ya nyuzi 32 na 38 za Selsiasi, ili ijulikane kwamba umetoka mwilini muda huohuo na haukuletwa mfukoni. Zamani nilikuwa nakishika kikopo kiganjani na kukisia, jambo ambalo halikumtendea haki mpimwaji wala mwajiri. Sasa rangi inajitokeza kwenye namba, naiandika kwenye fomu, kisha nabandika lakiri juu ya kifuniko huku dereva akitazama, naye anatia saini. Mzee mmoja, aliyewahi kunyimwa kazi kwingine kwa majibu ambayo hakuelezwa, aliinama akaisoma namba ile mwenyewe, akaniambia, "Mwanangu, leo angalau nimeuona mkojo wangu ukiandikwa jina langu." Mstari wa mililita 45 nao una kazi yake, kwa kuwa sampuli hugawanywa: 30 za kupimwa, na 15 za kuhifadhiwa endapo mhusika atayapinga majibu.

Kwa kichocho, utepe hauna maana yoyote. Kinachosaidia ni uwazi wa plastiki, maana damu huonekana kabla hata ya kufungua kifuniko. Mgonjwa lazima aelekezwe kuja kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, wakati mayai ya vimelea yanapotoka kwa wingi, na asiyamwage matone ya mwisho, kwani humo ndimo mayai hujaa.

Kasoro zipo, na nyingine zinaudhi. Mdomo wa kikopo ni mwembamba, hivyo kina mama wajawazito hupata taabu na mara nyingi hulowanisha lebo, na wino wa kalamu ya kawaida hufutika kwa kidole kimoja. Tunalazimika kutumia kalamu ya wino usiofutika, na jina tunaliandika kwenye kikopo chenyewe, kamwe si kwenye kifuniko, kwa sababu vifuniko hubadilishana mezani. Tena vinauzwa vikiwa vingi ndani ya mfuko mmoja, kwa hiyo havifai kwa kipimo cha kuotesha vimelea. Kwa kipimo hicho tumeendelea kuagiza vilivyofungwa kimojakimoja na kutakaswa.

Bei yake inazidi ya vile vya zamani, lakini kwa vipimo vya ajira ningeilipa tena bila kusita. Anayenunua ajaze maji kikopo kimoja, akikaze, akilaze kwa nusu saa juu ya karatasi kavu: katoni yetu ya pili ilivuja, na muuzaji aliibadilisha.