Kahuzi-Biega kwa siku moja: wao wanakuuzia gorila, mimi nawaonyesha kitanda

Wandugu, karibuni tena kwenye chaneli. Leo sichambui simu wala spika. Nachambua safari, ile ya siku moja kutoka mji wa Bukavu, mashariki ya Congo, kwenda hifadhi ya taifa ya Kahuzi-Biega, ambayo tangazo lake linazunguka kwenye WhatsApp: "Volkeno, gorila na sokwe, vyote kwa siku moja!" Imenifurahisha na imenikasirisha. Tuanze na hasira, maana ni fupi.

Volkeno. Kahuzi ni volkeno kweli, mita 3,308, na mwenzake Biega ana mita 2,790. Ila zilizimika zamani, msitu umezifunika. Moshi hakuna, moto hakuna. Watu wa Goma najua mmeshaanza kucheka kwenye maoni, ninyi wenye Nyiragongo iliyoshusha moto mpaka mjini 2002, ikarudia kutoka tena 2021. Sawa, mmeshinda, ingawa sijui kama huo ni ushindi wa kujivunia. Shida yangu ni nyingine: kupanda Kahuzi kunakula siku yako yote. Anayekuahidi kilele asubuhi, gorila mchana na Lwiro, kwenye kituo cha sokwe, jioni anakuuzia hewa. Lazima uchague. Mimi nilichagua gorila, mlima nikautazama kutoka barabarani, kwenye mashamba ya chai. Unapendeza sana kutoka pale, na miguu yangu haikulalamika.

Barabara mnaijua: unafika Miti, unakata kushoto, unapanda hadi Tshivanga, ambako wageni wa hifadhi wanapokelewa. Masharti nayo mnayajua: barakoa, usisogee karibu, ukiwafikia unapewa saa moja tu, na mwenye mafua abaki nyumbani. Vaa buti za mpira na uingize suruali ndani ya soksi, siafu hawana heshima na mgeni. Twende kwenye kilichonileta hapa.

Kamera, shuka kidogo. Hapo. Mnaona mezani? Mianzi na matawi. Yametoka nyuma ya nyumba ya shangazi, si hifadhini, kwa hiyo watu wa ICCN, wasimamizi wa hifadhi za Congo, msinitafute.

Nyinyi mnadhani mnalipia kumwona gorila. Mimi kilichonishika ni kitanda chake. Tazama mikono yangu. Gorila anakaa katikati, hivi. Anavuta tawi kutoka kushoto, analikunja, analikalia. Anavuta la kulia, analikunja juu ya lile la kwanza. Anazunguka, la mbele, la nyuma, hivi, hivi, mpaka anapata duara. Amemaliza, analala. Kesho halali hapo, anatandika kingine. Kila usiku kipya!

Sasa wafuata-nyayo wanatoka alfajiri, wewe bado unakunywa chai. Wanakwenda mahali familia ilipoachwa jana, wanafuata njia mpaka kwenye vitanda, kisha wanamwita mwongozaji wako kwa redio. Sisi tulipitishwa hapo hapo kwenye vitanda, na papa mmoja, mtu wa makamo asiyependa maneno mengi, akaanza kutusomea. Kila gorila aliyeacha kunyonya ana kitanda chake, kwa hiyo ukihesabu vitanda umehesabu familia. Na wanaonyonya? Akainama, akatuonyesha kinyesi kikubwa na kidogo ndani ya kitanda kimoja: mama na mtoto. Kitanda kingine akaokota nywele, akaziinua kwenye mwanga. Nyeupe. Hapo amelala dume mwenye mgongo mweupe, baba wa familia. Hatujaona hata mnyama mmoja, tayari tunajua tunakwenda kwa nani!

Rudi mezani. Mwanzi huu umevunjwa jana, ncha imekauka, imegeuka kahawia. Huu nimeuvunja sasa hivi, gusa, unyevu. Wenye kufuata nyayo wanagusa hivi hivi kila hatua chache, na mwenzako anafikiri wanapumzika.

Na si mchezo wa watalii. Sensa zinafanywa kwa vitanda hivi. Mwaka 1996 sehemu ya juu ya hifadhi ilihesabiwa gorila 245. Vita vikapita. Hesabu ya 2000 ikatoa 130 hivi. Fikiria mtu anayepita msituni kila siku akiona vitanda vinapungua.

Gorila mwenyewe? Mkubwa! Ni gorila wa Grauer, hakuna gorila wanaomzidi mwili duniani, na nje ya mashariki ya Congo yetu humpati msituni. Dume alitupa mgongo, akaendelea kula. Picha ninazo, nitaziweka fupi fupi, leo nisiwachoshe.

Bei. Rwanda mgeni analipa dola 1,500, Uganda 800. Kwetu ni chini ya hapo, na Mcongomani analipa kidogo zaidi. Kaulizie ofisi ya ICCN, msitegemee bei ya WhatsApp. Kinachomaliza pesa ni gari, kwa hiyo jazeni jeep. Chakula walichotupa sitakitaja, bebeni bugali na sambaza zenu, wale dagaa wa ziwani. Halafu wanaosema tumeiga Rwanda: hifadhi hii ni ya 1970, na Adrien Deschryver, Mbelgiji aliyeisimamia, aliwazoesha gorila watu hapa mwanzoni mwa miaka ya 70, kabla ya utalii wa gorila kuanza Rwanda. Waliomfungulia njia walikuwa Batwa, wenyeji wa asili wa msitu huu. Batwa hao hao wakafukuzwa msituni. Mwaka 2024 uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ulitolewa hadharani, kwamba haki zao zilivunjwa. Kwenye tangazo la safari hilo halimo. Ujuzi niliousifia dakika zote hizi una wenyewe, nao hawaruhusiwi kulala huko.

Lwiro tulifika tumechoka, jua linashuka. Kituo kile kinalea sokwe yatima tangu 2002, sasa ni zaidi ya mia, halafu unapewa dakika za kupita tu! Nitarudi nikitengenezee video yake, na maikrofoni mpya, maana mmelalamika sana juu ya upepo.

Kabla hujatoa franka, uliza siku hiyo hiyo kama barabara ni salama na kama Tshivanga wanapokea wageni. Hali yetu mnaijua, ya jana si ya leo. Haya, andikeni chini: nipande Kahuzi mpaka kileleni, au niende kisiwa cha Idjwi, ziwani Kivu? Wengi wakisema Kahuzi, nahitaji mtu wa kunibebea kamera, na simlipi.