Chakula kizuri, moshi mwingi: mkahawa mmoja wa ufukweni Malindi

Nianze na chakula, maana wapishi wa hapa wanastahili sifa zao. Changu wa kupaka aliletwa mzima, tui zito limemshika mpaka kwenye mapezi, ukwaju umekolea bila kuizima nazi. Wali wa moto, wa kuchambuka. Bei si ya kulalamikia. Wahudumu wana adabu: mamangu aliamkiwa shikamoo na kuvutiwa kiti kabla hajaifikia meza. Kwa chakula, tano kwa tano.

Kinachoharibu ni moshi. Tulikwenda familia nzima, Idi pili ya mfungo tatu, na watu walikuwa wamejaa. Ukumbi ni wa makuti, kuta pande tatu, upande wa bahari uko wazi, na huko mbele ndiko wanakokaa wavutaji. Kusi ilikuwa imeshika. Upepo unatoka baharini unaingia ndani, kwa hiyo kila kilichopulizwa kule mbele kilitushukia sisi. Mamangu ana pumu. Samaki hajafika, tayari ametoa pampu yake mkobani, na baadaye akawa anakula huku ameshikilia mtandio puani.

Kwenye nguzo pana kibao kinachokataza kuvuta sigara. Chini ya kibao hichohicho, mezani, wameweka kisahani cha majivu, kimeoshwa na kupanguswa vizuri. Mteja afuate kipi?

Nilimwita kijana aliyetuhudumia. Akainama, akasema polepole, "Dada, hata mimi kifua kinanibana. Lakini nikimwambia mgeni azime, naulizwa mimi." Iliniuma. Sisi tunakula tunaondoka. Yeye anauvuta moshi huo zamu nzima, kesho tena, na moshi wa tumbaku una kemikali zaidi ya 7,000, kadhaa kati yake zinasababisha saratani.

Msimamizi alikuja, mstaarabu, akanipa sababu mbili: pako wazi, na wageni wakikatazwa watahamia kwingine.

Hiyo ya kwanza haisimami. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 inataja mahali pa umma hata palipozibwa nusu tu, na mkahawa wenye kuta tatu na paa ni nusu gani tena? Anayevuta mahali palipokatazwa anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 50,000, au kufungwa hadi miezi sita, au vyote viwili. Mwenye mkahawa akitaka kuwatengea wavutaji sehemu, ruhusa ipo, ila itengwe kweli kwa ukuta na mlango, na hewa yake itolewe nje. Meza za mbele kwenye njia ya upepo si sehemu iliyotengwa.

Ya pili ndiyo iliyonishangaza zaidi, kwa sababu hapa ni Malindi. Wageni wanaohofiwa kukimbia wengi wao ni Waitaliano, na kwao Italia sigara ilipigwa marufuku ndani ya baa na mikahawa tangu Januari 2005. Wamezoea kutoka nje. Usiku huohuo mzee mmoja Mtaliano aliinuka na sigara yake ambayo hajaiwasha, akashuka mchangani, akavuta huko, kisha akarudi kumalizia kahawa. Hakuna aliyemwambia. Waliokuwa wakivuta ndani walikuwa vijana wetu wa hapahapa, na naamini wangeombwa kwa heshima wangetoka pia.

Msimamizi alituhamishia meza ya nyuma karibu na jikoni, na huko mamangu alipata nafuu. Namshukuru kwa hilo. Ila familia iliyoingia baada yetu, yenye mtoto mchanga, ilikalishwa palepale tulipotoka.

Mwenye pumu, mjamzito, au mwenye mtoto mdogo: nenda mchana watu wakiwa wachache, au waambie wakufungashie ule nyumbani. Nawapa nyota tatu. Nitaongeza ya nne siku watakapoondoa vile visahani mezani, na ya tano yule kijana akiruhusiwa kumwambia mgeni atoke nje bila kuogopa kazi yake.