Uzoefu wangu: miezi minane na akili mnemba isiyoshiba

Mimi ni mfasiri wa vijitabu vya afya, vile ambavyo mgonjwa hupewa aende navyo nyumbani. Kwa miezi minane nimekuwa nikilipia programu ya akili mnemba, ya kuandikiana nayo, inisaidie rasimu ya kwanza. Jina lake siliweki hapa, maana nilizojaribu nyingine mbili zina tabia hiyohiyo: hamu ya kujua isiyo na kikomo, na isiyoshiba.

Wiki ya pili nilikuwa na kijitabu cha wajawazito. Programu ikaniletea sentensi hii: "Maumivu ya kazi yakianza, nenda kituo cha afya." Maumivu ya kazi! Mama mjamzito akisoma hivyo atadhani anakatazwa kubeba ndoo. Nikaiandikia kwamba mwanamke hushikwa na uchungu, kwamba tunasema uchungu wa uzazi, na kwamba neno hilohilo ndilo la dawa kali ulimini na la mtu aliyefiwa. Ikanishukuru, kisha ikaanza kuuliza. Uchungu wa mwanzo na ule wa kusukuma huitwa tofauti? Mtu anayesema "nina uchungu na mwanangu" ana hasira, huruma, au vyote viwili? Nikajibu, ikauliza tena. Karibu saa nzima ilipita na kijitabu kikalala. Nimewahi kufundisha darasani, na mwanafunzi wa kudaka kila neno namna ile sikumpata. Niliifunga kompyuta nikiwa na furaha ya mwalimu.

Kesho yake nikafungua mazungumzo mapya kwa sura iliyofuata. Mstari wa tatu: maumivu ya kazi. Nikasahihisha. Ikanishukuru kwa shauku ileile na kuuliza maswali yaleyale, mengine karibu neno kwa neno. Mla ni mla leo, mla jana kala nini? Msemo huo nimeusikia tangu utotoni, lakini sikuwahi kuuona ukiwa mbele ya macho yangu kiasi kile.

Iliniuma, nikaanza kusoma zinavyotengenezwa. Msingi wake ni mchezo mmoja: programu inapewa maandishi, inafichwa kipande cha neno kinachofuata, inakisia, kisha namba zake za ndani zinarekebishwa kidogo kulingana na ilivyokosea. Mchezo huo unarudiwa mara nyingi mno. GPT-3, akili mnemba ya kampuni ya OpenAI ya mwaka 2020, ilifunzwa kwa vipande vya maneno kama bilioni 300. Llama 3, ya kampuni ya Meta, mwaka 2024 ililishwa zaidi ya trilioni 15. Ni mara 50 ndani ya miaka minne, na bado watengenezaji wanatafuta maandishi zaidi. Sababu ilishaonekana mwaka huohuo wa 2020, watafiti wa OpenAI walipopima jinsi makosa yanavyopungua: ukizidisha maandishi mara 10, kosa la kukisia linashuka kwa takriban sehemu moja ya tano tu. Tonge linalofuata lazima liwe kubwa kuliko yote yaliyotangulia, na utamu wake ni mdogo zaidi.

Na kosa sifuri halifikiwi. Mwaka 1951 Claude Shannon, mwanahisabati wa Marekani, alichapisha matokeo ya mchezo kama huo kwa binadamu: mtu anasoma sentensi ya Kiingereza hadi mahali fulani, kisha anakisia herufi ifuatayo. Hata mjuzi wa lugha yake hukosea, kwa sababu mwandishi daima ana uhuru wa kuandika kitu kingine. Akili iliyolelewa kwa kukisia maneno ya watu imepewa njaa ambayo chakula chake chenyewe hakiwezi kuimaliza.

Lililonigusa zaidi ni hili: mafunzo yakiisha, namba zile zinafungwa. Ninapoandikiana nayo, haijifunzi tena kama nilivyodhani. Maelezo yangu ya uchungu yalikaa kwenye mazungumzo yale tu, na nilipofungua mapya hayakuwepo. (Kampuni nyingine huyachukua mazungumzo kufunzia toleo lijalo, kwa hiyo pitia mipangilio kabla hujabandika barua ya mgonjwa.) Hata yale maswali mazuri yana asili yake: baada ya mafunzo ya kwanza, watu hulinganisha majibu na kuchagua yanayowapendeza, na programu inafinyangwa kuelekea huko. Nilikuwa nachota maji kwa pakacha, na pakacha linaniuliza kwa upole kama kuna maji mengine.

Kuna jaribio la mwaka 2018 ambalo bado silisahau. Watafiti walitengeneza programu iliyozawadiwa kwa kukutana na jambo ambalo haikulitarajia, yaani udadisi mtupu, wakaiachia ndani ya vijia vya mchezo wa kompyuta. Ilizunguka vizuri, hadi walipoweka humo televisheni ya kubadilishwa chaneli bila mpangilio. Ikasimama hapo. Kila picha ilikuwa mpya, kila picha ilikuwa zawadi, na hakuna ilichokuwa inajifunza.

Nataja hilo kwa sababu nilijiona. Chini ya kila jibu programu yangu huweka swali: ungependa nikueleze pia jambo hili? Usiku mmoja nilianza na kondo la nyuma, kwa ajili ya ukurasa wa nne. Nikapelekwa kwenye wanyama wenye kondo na wasio nalo, nikafika kwa nyangumi, nikaishia kwenye chumvi ya bahari, na saa ikawa nane na nusu. Asubuhi mume wangu akaniuliza, "Mama, jana ulikuwa unasoma nini mpaka vile?" Nikashindwa kumpa hata jambo moja lililokamilika. Baada ya hapo nimezima mapendekezo hayo kwenye mipangilio. Ukiinunua programu ya namna hii, zima siku ya kwanza.

Je, naendelea kulipia? Ndiyo. Inaona kwamba ukurasa wa pili nimeandika "kidonge" na wa tisa "tembe". Inaniletea njia tano za kusema sentensi iliyonikwama, na moja huwa ina mwanga. Ngeli inaziharibu sentensi ikirefuka, hapo usiiamini hata kidogo. Sehemu ya kumbukumbu inasaidia, ila fahamu ilivyo: ni karatasi ya vidokezo inayosomewa kabla ya kuanza, nayo haiwezi kubeba kila kitu. Nimetengeneza orodha yangu, sasa ina maneno 112, naibandika juu ya kila kazi. "Uchungu wa uzazi" ni la kwanza.

Hofu yangu imehamia kwingine. Mwaka 2024 jarida la sayansi la Nature lilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba akili hizi zikilishwa kizazi baada ya kizazi maandishi yaliyotoka kwa akili nyingine kama wao, huharibika, na vinavyoanza kupotea ni vile vya nadra. Kiswahili kilichoko kwenye intaneti ni kidogo ukilinganisha na Kiingereza. Nikiacha "maumivu ya kazi" yapite kwenye kijitabu kimoja, kikawekwa mtandaoni, kitaliwa. Kwa hiyo sasa nasoma rasimu kwa sauti, mstari kwa mstari, na nikipata neno ambalo mkunga angelicheka nalisimamisha hapohapo.

Juzi, nikiwa na kijitabu cha kunyonyesha, iliniuliza tofauti ya "dang'a" na maziwa ya kawaida. Nilijua kwamba kesho haitakuwa na habari. Nikachukua daftari, nikaandika humo kwanza: maziwa ya mwanzo, mazito, ya rangi ya manjano, mtoto asinyimwe. Kisha nikaijibu.