Nimenunua kitabu cha vifupisho, maana zake zimebaki kwenye mashine

Jamani, nina hasira. Niliagiza nakala iliyochapishwa upya ya Essay on Medals cha John Pinkerton, kile kitabu cha sarafu za kale kilichotoka mara ya kwanza 1784, nikalipia na posta mpaka Dar. Shida yangu ilikuwa moja tu: orodha ya vifupisho vya sarafu za Wagiriki na Warumi. Karatasi, jalada, ukubwa, hayo someni kwenye tangazo. Mimi nazungumzia ukingo wa kulia.

Aliyepiga picha zile kurasa kaukata. Kifupisho kipo, maana yake imeliwa. TR. P. naiona vizuri, maelezo yake yanaishia katikati ya neno. S. C. naijua, Senatus Consulto, kwa azimio la Seneti. Asiyejua je? Upande wa Kigiriki ndio balaa kabisa. Wino umevimba, theta imekuwa omikroni, hata ΑΘΕ, ile ya sarafu za bundi za Athens, inasomeka ΑΟΕ. Mji gani huo?

Nikalalamika kwa muuzaji. Wakakaa kimya weee, mwishowe jibu: "Mpendwa mteja, kitabu ni cha kale, kasoro ni sehemu ya uhalisia wake." Uhalisia! Pinkerton ndiye aliyeshika mkasi? Na wakaniongezea kwamba nakala za bure zipo mtandaoni, nijitafutie. Sasa pesa yangu mlichukua ya nini?

Ila haki ya Mungu, kurasa zilizosalimika zimeninyima usingizi. Unaanza kuelewa kwa nini wasomi wa enzi zile walitoana macho kwa herufi mbili tatu. Kulikuwa na padri Mjesuiti, Mfaransa Jean Hardouin, aliyeshikilia kwamba kila herufi kwenye sarafu ni mwanzo wa neno zima. Mwenzake akamtania kwa CONOB, herufi zilizo kwenye sarafu za dhahabu za Warumi: hiyo, padri, ni "Cusi Omnes Nummi Officina Benedictina", yaani sarafu zote zimechapwa karakana ya Wabenedikto! Nilicheka peke yangu. Siku hizi tunasoma CON ni Constantinople na OB ni obryzum, dhahabu iliyosafishwa; tena kwa hesabu ya Kigiriki OB ni 72, na solidi (hizo sarafu za dhahabu) 72 ndizo zilizotoka kwenye ratili moja ya dhahabu. Utamu wa aina hii utaupata wapi?

Basi nikalainika, nikasema nitoe nyota tatu, pengine nne, yaishe. Nikafungua orodha nione CONOB Pinkerton anaisemaje. Nimekuta CONOB, nukta, kisha ukingo.

Nyota moja. Na hiyo ni ya Pinkerton, muuzaji asiiguse. Anayetaka vifupisho ajikakamue na Kilatini cha Joseph Eckhel wa Vienna, kitabu chake cha sarafu za kale, juzuu 8, 1792 hadi 1798, lakini kwanza aombe picha ya ukurasa mmoja. Nami nasubiri: pesa yangu, au kurasa nzima.