Kompyuta umeiunganisha mwenyewe, sasa uweke mfumo gani?

Mashine imewaka, feni zinazunguka, skrini inaonyesha BIOS (ukurasa wa mipangilio ya mazabodi), na baada ya hapo kimya. Ndipo wengi wanapogundua kuwa karatasi waliyokwenda nayo Kariakoo ilikuwa na prosesa, mazabodi, RAM, SSD, pawasaplai na kasha, ila mfumo endeshi haukuandikwa. Laptopu zimetudekeza. Ukinunua mpya, mara nyingi inakuja na Windows ndani na leseni imo kwenye bei, hata huioni. Kompyuta ya kuunganisha haiji na kitu. Na kwa kuwa hela imeshakwisha, anaitwa fundi wa mtaani "aje apige window", na matatizo yanaanzia hapo.

Nimewaunganishia watu mashine kwa miaka kadhaa, na kabla ya kugusa bisibisi huwa nauliza: programu gani moja ikigoma kufunguka kesho asubuhi utakosa hela, au utakosa raha? Orodha hii nimempangia mtu asiye na jibu kali kwa swali hilo: anaandika, anaperuzi, anaangalia filamu, anacheza gemu kidogo, na hana mwajiri wa kumlipia leseni. Mwenye jibu kali aanzie namba mbili.

Namba moja: Linux Mint, toleo la Cinnamon

Najua nitabishiwa, na wanaobisha wengi wao waliigusa Linux mara ya mwisho zama za CD. Linux ni ukoo wa mifumo endeshi usio wa Microsoft, na Mint ni mmoja wao: ni ya bure na ni halali. Menyu iko chini kushoto, pale pale mkono ulipozoea tangu Windows 7. Faili la kupakua ni kama GB 3, kwa hiyo halimalizi bando. Familia ya Mint 22, iliyotoka 2024, imejengwa juu ya Ubuntu 24.04 na itapata masasisho hadi 2029. RAM ya GB 4 inaitosha kwa kazi za kawaida. Ukiwa na 16 utasahau kama kuna kitu kinaitwa kusubiri. LibreOffice, ya kuandikia na kupigia hesabu, imo tayari. (Waliopita Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ile huenda wakaikumbuka Jambo OpenOffice ya 2004, menyu zote kwa Kiswahili. LibreOffice ni mjukuu wa ukoo huo huo.)

Ninachokipendea zaidi ni kwamba unaionja kabla ya kuila. Unawasha kompyuta kutoka kwenye flashi na Mint inafunguka yote bila kugusa SSD. Jaribu Wi-Fi, sauti, bluetooth, printa, kisha cheza video ya YouTube ijae skrini. Kikigoma kitu, umekijua kabla hujafuta chochote.

Udhaifu wake mkubwa kwa kompyuta mpya ni huo upya wenyewe. Draiva (programu zinazoongoza vifaa) nyingi za Linux zimo ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo, na Mint hupenda kerneli iliyokwishatulia. Kadi ya grafiki ya Radeon RX 9070 ilitoka Machi 2025, wakati Mint 22.1 ya Januari mwaka huo ilikuja na kerneli 6.8, iliyoandikwa kabla kadi hiyo haijazaliwa. Mint 22.2 ilikuja na kerneli 6.14, mambo yakawa mepesi. Somo hapo ni kupakua toleo la karibuni kabisa, si lile fundi alilonalo kwenye flashi tangu mwaka juzi. Prosesa kama Ryzen 5 5600G, yenye grafiki ndani, haikusumbui hata chembe. Kwa kadi ya Nvidia, fungua kidirisha cha Mint cha draiva, chagua inayopendekezwa, washa upya.

Isichoweza sasa. Photoshop, Premiere, AutoCAD, Microsoft Office ya kusakinisha na Tally ya wahasibu, zote hazina toleo la Linux. Kuna ujanja wa kuziendesha kwa Wine, inayofungua programu za Windows ndani ya Linux, lakini kazi ya mteja anayekupigia simu kila nusu saa usiiweke juu ya ujanja. Kwa gemu, Steam, lile duka la gemu la mtandaoni, ilileta kifaa kama hicho kiitwacho Proton mwaka 2018 na gemu nyingi za Windows sasa zinacheza bila maneno. Zinazogoma ni zile zenye kinga kali dhidi ya wadanganyifu: Valorant, Fortnite, na EA Sports FC za miaka ya karibuni. Kama wikendi yako ni FC na washkaji, hapa hapakufai, hata nikisifia vipi.

Namba mbili: Windows 11 yenye leseni yako

Kwa mhasibu, mbunifu wa michoro, mchoraji ramani za majengo na mpenda FC, hii ndiyo namba moja na hakuna mjadala. Kinachoishusha kwangu ni bei. Toleo la Home linauzwa na Microsoft kwa dola 139, yaani zaidi ya laki tatu za Tanzania au karibu 18,000 za Kenya. Pro ni dola 199, na wengi hawaihitaji; chukua Pro kama unataka kuingia kwenye kompyuta yako ukiwa mbali, au ofisi yako inaunganisha mashine zote kwenye seva moja.

Leseni ya OEM (ile ya kuwekwa kwenye kompyuta mpya na muundaji wake) ni nafuu, lakini inafungwa kwenye mazabodi: ikiungua, leseni imekwenda nayo. Ya rejareja unaihamisha. Namba za dola kumi au ishirini zinazouzwa mtandaoni mara nyingi ni za makampuni au vyuo, zimevuja, na siku yoyote zinaweza kuzimwa. Ile stika ya Windows 7 kwenye kasha la zamani nayo haisaidii tena, Microsoft iliufunga mlango huo Septemba 2023.

Kabla ya kusakinisha, ingia BIOS uwashe TPM, kinga ya usalama ya ndani ya mashine ambayo Windows 11 inaidai. Kwenye AMD inaitwa fTPM, kwenye Intel ni PTT. Prosesa iwe Intel ya kizazi cha nane au Ryzen 2000 kwenda juu. Halafu kuna mtego: Home hudai intaneti na akaunti ya Microsoft wakati wa kusakinisha, ilhali draiva ya Wi-Fi huenda haijaingia. Uwe na waya wa LAN, au chomeka simu kwa USB uigawie kompyuta data.

Waliobaki, kwa haraka

Fedora, nayo ni Linux, naiweka ya tatu, na kwa mwenye kadi iliyotoka mwezi jana inapanda ya kwanza, maana kerneli yake huwa mpya. Bei yake ni bando: toleo jipya kila miezi sita, na kila moja huhudumiwa kama miezi 13 tu. Ubuntu, Linux nyingine, ni ya nne. Ina jina zuri, utu wetu wenyewe kwa lugha za kusini, na iliasisiwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Ila sura yake inamchanganya mtu aliyetoka Windows, na faili lake ni karibu GB 6.

Windows 10? Msaada wake uliisha 14 Oktoba 2025. Kuna nyongeza ya mwaka mmoja ya viraka vya usalama kwa waliojiandikisha, lakini huwezi kuanzia nyumba mpya kwenye msingi unaobomolewa. macOS kwenye kompyuta isiyo ya Apple hairuhusiwi na leseni yake, na Apple imetangaza kuwa macOS Tahoe ndilo toleo la mwisho kwa Mac zenye Intel. Njia hiyo inafungwa.

Mkiani kabisa ni Windows ya magumashi, isiyo na leseni. Mteja wangu mmoja mwenye stesheneri alipigiwa hiyo, na ili kiprogramu cha kuiamilisha kifanye kazi, fundi alizima Defender, kinga ya virusi ya Windows. Wiki chache baadaye mafaili yote yalibadilika majina na ikaja karatasi ya kudai malipo kwa bitcoin. Kadi za harusi za miaka miwili! Tulichookoa ni zile alizokuwa amewatumia wateja kwa WhatsApp.

Ukitaka zote mbili

Nunua SSD ya pili, hata ya GB 240, uweke Windows kwenye moja na Mint kwenye nyingine. Anza na Windows, na ukiisakinisha Mint chomoa ile ya Windows kwanza ili usije ukafuta isiyofaa. Usishtuke ukitoka Mint kwenda Windows ukakuta saa imerudi nyuma kwa saa tatu kamili: Linux huiandika saa ya mazabodi kwa UTC (saa ya kimataifa, iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu), Windows huisoma kama saa ya hapa nyumbani. Fungua terminali ya Mint, andika timedatectl set-local-rtc 1, bonyeza Enter.