Uzoefu wangu: kipimo kilichotuonyesha madoa ya ini la mama yametoka wapi

Nyota nne kati ya tano kwa maabara iliyotufanyia kipimo hiki, imyunohistokemia. Ya tano nimeinyima makusudi.

Mama alitolewa titi la kushoto mwaka 2016. Mwaka 2022 akakutwa na saratani nyingine kabisa, ya utumbo mpana: upasuaji, kisha dripu za kemo. 2024 CT scan ikaonyesha madoa matatu kwenye ini. Sote tukasema huo ni utumbo tu, maana damu itokayo utumboni hupitia kwanza kwenye ini. Lakini picha huonyesha doa lilipo, haisemi ni la saratani ipi.

Kinyama kikachukuliwa. Maabara ya kwanza ilijibu kwa mstari mmoja: adenokasinoma (saratani inayoanzia kwenye seli za tezi) iliyosambaa. Haya, kutoka wapi? Ya titi na ya utumbo zote huweza kuitwa hivyo! Baadaye nikaiona fomu ya kuombea kipimo: imeandikwa utumbo peke yake. Titi halikutajwa kabisa.

Tukaihamishia bloku ya nta, ile iliyohifadhi kinyama cha ini, kwenye maabara ya pili, na hii ndiyo ninayoisifu. Hawa wanafanya imyunohistokemia: kinyama hukatwa vipande vyembamba mno, vikawekewa kingamwili zinazonasa protini fulani za seli, na zinaponasa, rangi, mara nyingi kahawia, hujitokeza. Daktari wa patholojia, yule anayechunguza vinyama kwa hadubini, alinipigia simu mwenyewe: "Dada, kile kinyama cha titi cha zamani bado kipo?" Kilikuwepo, stoo ya hospitali, kimejaa vumbi. Nikakifuata. Akazilinganisha slaidi zote tatu, titi, utumbo na ini. Kwenye ini protini za CK7, GATA3 na kipokezi cha estrojeni (protini inayopokea homoni hiyo) zilitoka chanya, kama kwenye titi. CK20 na CDX2, ambazo saratani ya utumbo kwa kawaida huwa nazo, zilikuwa hasi. Basi ni titi, lililokaa kimya miaka minane.

Dripu za utumbo tulizokuwa tumeshaanza kuzichangia zikafutwa. Mama sasa anameza vidonge vya kupunguza homoni ya estrojeni, letrozoli, pamoja na dawa nyingine.

Nyota iliyokosekana? Waliniambia siku kumi, nikasubiri 24, na simu ya mapokezi haipokelewi baada ya saa nane mchana. Bima nayo ikakataa kulipa. Ukienda kwao, isome fomu pale pale dirishani kabla hawajaigonga muhuri, na kama mgonjwa wako ana saratani mbili, zote mbili ziandikwe, na miaka yake.